Simu ya Dhahabu Haitasafisha Jaa Letu



Liko wazo ambalo kwa miaka kadhaa limekuwa likienezwa na wabunifu na wafanyabiashara wa nchi tajiri, na ambalo sasa linasikika hata midomoni mwa wenye uwezo katika parokia zetu. Wazo lenyewe ni hili: taka za elektroniki zimezidi kwa sababu watu hununua vitu hafifu vinavyomiminwa na viwanda kwa mamilioni. Basi dawa yake ni kuwa na vifaa vichache, vilivyoundwa kwa mikono ya mafundi stadi, kwa dhahabu, ngozi, mbao ngumu na vito. Vifaa ambavyo mwenyewe atavipenda, atavitunza, na mwisho atawarithisha wanawe. Kifaa cha namna hiyo, wanatuambia, hakuna atakayekitupa.

Hatukusudii kulidharau wazo hili. Mna ukweli ndani yake, na ukweli huo tutautaja. Lakini tukilipima kwa mizani ya haki tunaona kwamba linajibu swali la watu wachache, na swali la walio wengi linabaki pale pale. Katika makala haya tutaeleza kwa nini twaamini hivyo, kisha tutasema ni njia ipi iwapasayo wenye kuipenda haki.

UKUBWA WA MZIGO

Tuanze na hesabu. Taarifa ya hali ya taka za elektroniki duniani, iliyotolewa na vyombo vya Umoja wa Mataifa mwaka 2024, yaonyesha kwamba katika mwaka 2022 pekee ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka hizo. Kati ya hizo ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaofaa. Zilizosalia ziliishia majalalani, motoni, katika stoo za nyumba, au mikononi mwa wachambuzi wasio na kinga yoyote. Taarifa hiyo hiyo inakadiria kwamba mwendo huu ukiendelea, taka hizo zitafikia tani milioni 82 ifikapo mwaka 2030.

Mzigo huu haukugawanywa kwa usawa. Mtu wa Ulaya alizalisha wastani wa kilo 17.6 kwa mwaka huo, hali mtu wa Afrika alizalisha kilo 2.5. Hata hivyo ni Afrika iliyo na uwezo mdogo kuliko wote wa kuchakata: sehemu iliyothibitika haifiki hata asilimia moja. Sehemu ya taka zilizo kwetu zimezaliwa hapa hapa, nasi hatuna budi kuzikubali kuwa ni zetu. Lakini sehemu nyingine hutujia kwa meli, zikiwa zimeandikwa kuwa ni vifaa vilivyotumika, wakati baadhi yake havikuwa vikiwaka tangu vilipopakiwa. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutua mzigo wake bandarini kwetu hausikii uzito wake.

Kadhalika tuangalie ni vitu gani vinavyojaa katika tani hizo. Wengi wetu tukisikia taka za elektroniki twafikiri mara moja juu ya simu. Kumbe karibu theluthi moja ya uzito wote ni vifaa vidogo vidogo vya kila siku: pasi, majiko ya umeme, wanasesere wanaotumia betri, mashine za kunyolea na vingine kama hivyo. Kisha yako majokofu, mashine za kufulia, runinga na nyaya. Sasa tuulizane: ni nani atakayetengeneza pasi ya dhahabu ili mjukuu airithi? Wazo la vifaa vya anasa huzungumza juu ya simu, saa, kamera na vipaza sauti vya sebuleni, yaani vitu ambavyo mtu huonekana navyo. Halisemi lolote juu ya feni iliyoungua. Kwa hiyo hata kama lingefaulu kabisa katika eneo lake, sehemu kubwa ya jaa ingebaki kama ilivyo.

WANAOUMIA MWANZONI NA MWISHONI

Hatuwezi kupima dawa bila kumtazama mgonjwa. Kwa miaka mingi eneo la Agbogbloshie, katika jiji la Accra nchini Ghana, lilijulikana ulimwenguni kwa vijana waliochoma nyaya ili plastiki iteketee na shaba ibaki. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa sumu ambazo hukaa muda mrefu mwilini na ardhini. Mwezi Julai 2021 serikali iliuvunja uwanja ule wa vyuma chakavu. Lakini njaa haikuvunjwa pamoja nao. Kazi ile ilisambaa na kuendelea mahali pengine. Kuuhamisha moshi si kuuzima.

Ndani ya vifaa vya elektroniki mna madini ya risasi, zebaki, kadmiamu na kemikali zinazozuia moto kushika plastiki. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa ni salama. Mwaka 2021 shirika hilo lilitoa taarifa mahususi kuhusu watoto wanaoishi, kucheza au kufanya kazi katika majalala ya elektroniki, likieleza jinsi sumu hizo zinavyoudhuru ubongo unaokua, mapafu, na hata mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake. Tunapomwona kijana na gunia lake akipita mitaani kununua vyuma chakavu, tusiseme tu kwamba anatafuta riziki. Tujiulize jioni anavunja nini, kwa nyundo gani, na nani ameketi karibu naye wakati wa kuchoma.

Huo ndio mwisho wa safari ya kifaa. Mwanzo wake nao haupo mbali nasi. Koltani, ambayo hutoa madini ya tantali yanayotumika katika vipande vidogo vya kutunzia umeme ndani ya simu na kompyuta, huchimbwa kwa wingi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Machimbo ya Rubaya, huko Masisi katika Kivu Kaskazini, yalitwaliwa na waasi wa M23 mwezi Aprili 2024. Kobalti ya betri, ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, huchimbwa katika Lualaba na Katanga ya Juu, na miongoni mwa wachimbaji wako wale wanaoshuka shimoni bila kofia wala viatu vya kazi. Watu hawa wanazungumza Kiswahili. Wanasali, wanaomboleza na kubembeleza watoto wao kwa lugha hii hii tunayoandikia. Kila kifaa kinachotupwa kabla ya wakati wake ni jasho lao lililomwagwa bure, na ni sababu ya shimo jingine kuchimbwa.

UKWELI ULIOMO KATIKA WAZO HILI

Tumesema kwamba wazo la vifaa vya kudumu vilivyoundwa kwa mikono lina ukweli ndani yake. Ukweli wa kwanza ni kwamba uhafifu wa bidhaa mara nyingine ni uamuzi, wala si bahati mbaya. Mwezi Desemba 1924, huko Geneva, viwanda vikubwa vya taa za umeme viliunda muungano uitwao Phoebus, vikakubaliana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa balbu za wakati ule ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Kiwanda kilichotengeneza balbu ya kudumu kupita kiasi kilitozwa faini. Muungano huo ulivunjika vita vilipoanza mwaka 1939, lakini fundisho lake halikuzeeka. Anayeuza ana sababu ya kutaka kitu kife mapema.

Ukweli wa pili ni kwamba kitu kilichofanywa kwa uangalifu humfundisha mtu uangalifu. Fundi anayekiheshimu kitu anachokiunda humheshimu pia atakayekitumia. Jina la fundi likijulikana, aibu yake na sifa yake hubaki pamoja na kazi yake. Hayo ni mema, nasi tunayakubali.

Ukweli wa tatu ni kwamba kutupa kumekuwa tabia. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliuita huo utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba unawagusa wanadamu waliotengwa sawasawa na unavyogusa vitu. Mwenye kuzoea kukitupa kitu pindi kinapomchosha hujizoeza moyo ambao kesho utamchoka mzee, mgonjwa na maskini.

Basi wenye wazo hili wameuona ugonjwa. Hoja yetu ni kwamba wameagiza dawa isiyoutibu.

SIMU ILIYOKUWA NA YAKUTI NDANI YAKE

Hatuhitaji kubahatisha, kwa maana jaribio hili limekwisha kufanywa. Mwaka 1998 kampuni ya Nokia ya Finland ilianzisha tawi lililoitwa Vertu, na mwaka 2002 simu zake za kwanza zikatokea sokoni. Ziliunganishwa kwa mikono huko Church Crookham, Uingereza. Kioo chake kilikuwa cha yakuti ngumu iliyotengenezwa kiwandani, ambayo haikwaruziki kwa urahisi. Chini ya vibonyezo viliwekwa vipande vya yakuti nyekundu, kama zile za saa za thamani, ili visichakae. Nyingine zilivikwa dhahabu. Kilikuwapo hata kibonyezo maalumu cha kumwita mtumishi wa kumshughulikia mwenye simu kwa njia ya mawimbi. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola, na toleo la dhahabu lilizidi hapo kwa mbali.

Mwili wa simu ile ulijengwa ili udumu kwa miaka mingi. Lakini simu si mwili tu. Simu huishi kwa mtandao, na matoleo yake ya kwanza yalitegemea mitandao ya kizazi cha pili. Mwaka 2016 mtandao mkubwa wa Australia ulizima mawimbi hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2017 mtandao mmoja mkubwa wa Marekani ukafanya vivyo hivyo, na mwaka huo huo Singapore nayo ikafuata. Katika nchi hizo yakuti ilibaki bila mkwaruzo, na simu ikabaki bila sauti. Mwezi Julai 2017 kampuni yenyewe ya Uingereza ilifilisika, na wafanyakazi wapatao 200 wakapoteza kazi, miongoni mwao wale mafundi stadi ambao ustadi wao ndio uliouzwa. Jina la Vertu liliendelea kutumiwa na wengine baadaye, lakini ahadi ya karakana ile iliishia pale.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi Aprili 2015 kampuni ya Apple ilianza kuuza saa ya kidijitali ya dhahabu ya karati 18, kwa bei ya kati ya dola 10,000 na dola 17,000. Mwaka 2016 iliacha kutengeneza saa za dhahabu. Mwaka 2018 ilitoa programu mpya ambayo saa za toleo lile la kwanza hazikuweza kuipokea. Mwaka 2023 ikaliorodhesha toleo hilo la dhahabu kuwa limepitwa na wakati, maana yake hakuna tena vipuri wala matengenezo kutoka kwake. Dhahabu ni madini yasiyopata kutu hata baada ya miaka elfu. Saa iliyofungiwa ndani yake ilidumu miaka minane.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba udumifu wa kifaa cha elektroniki haukai katika ganda lake. Hukaa katika mambo matatu ambayo mnunuzi haoni dukani: betri inayoweza kubadilishwa, programu inayoendelea kutunzwa, na mtandao au mfumo unaoendelea kukipokea kifaa hicho. Moja likikatika, ganda la dhahabu huwa jeneza zuri.

Wapo watakaotujibu kwamba hata hivyo vifaa vile havikutupwa. Wenyewe wameviweka kabatini kama kumbukumbu. Pengine ni kweli. Lakini kitu kisichotupwa si lazima kiwe kinatumika. Aliyeiweka simu ya yakuti kabatini alikwisha kununua simu nyingine ya kuongelea, na kiwanda kilikwisha kuchimbiwa madini mengine kwa ajili yake. Isitoshe, dhahabu nayo haishuki kutoka mbinguni. Huko Geita na Migori tunajua jinsi wachimbaji wadogo wanavyotumia zebaki kuitenga dhahabu na mchanga, na jinsi zebaki hiyo inavyoingia majini na mwilini. Kuongeza dhahabu juu ya kifaa ili kupunguza taka ni kuzima moto kwa mafuta.

CHEREHANI NA KING'AMUZI

Ikiwa dhahabu si siri ya udumifu, siri hiyo iko wapi? Iko barazani petu, kwa fundi nguo. Cherehani za miguu na za mkono, zile za Singer na zile za Butterfly, zimeshona sare za shule za wazazi wetu na zinashona za watoto wetu. Wengi wamezirithi kutoka kwa mama na bibi zao. Hakuna aliyezivika yakuti. Zilitoka viwandani kwa mamilioni, kama bidhaa nyingine zozote.

Zimedumu kwa sababu zifuatazo. Kwanza, kila kiungo chake kinaonekana na kufunguka kwa bisibisi. Pili, sindano, mkanda na vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi, wala havifungwi na siri ya kampuni moja. Tatu, maarifa ya kuzitengeneza yametawanyika: katika kila mji mdogo yupo fundi cherehani. Nne, na hili ni la haki, watu wa kipato cha chini waliweza kuzipata. Kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo tangu miaka ya 1850, hata mjane mwenye kazi ya kushona akaweza kumiliki chombo cha kumlisha. Huo ndio udumifu wa walio wengi.

Mtu atasema kwamba cherehani haina programu wala mtandao, kwa hiyo mfano wetu haufai. Basi tuchukue runinga. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia ya runinga jijini Dar es Salaam, na mwaka 2015 Kenya nayo ikakamilisha kuhamia dijitali. Mamilioni ya runinga nzima kabisa yangeweza kuwa taka kwa usiku mmoja, kwa kosa lisilokuwa la runinga wala la mwenye nazo. Kilichoziokoa ni kisanduku kidogo: king'amuzi. Runinga ya zamani iliunganishwa na king'amuzi na kuendelea kufanya kazi. Kulikuwa na manung'uniko mengi kuhusu bei ya ving'amuzi na malipo ya kila mwezi, nayo yalikuwa na haki yake. Lakini fundisho ni kubwa: mfumo ukibadilika, inawezekana kuweka daraja ili kifaa cha zamani kisife. Ni suala la uamuzi.

Kinyume chake tulikiona mwaka huo huo wa 2012, Kenya ilipozima simu bandia baada ya mwezi Septemba, na tena Juni 2016 Tanzania ilipofanya hivyo. Serikali zilikuwa na sababu za usalama na za kuwalinda wanunuzi, wala hatuzipingi. Lakini wengi wa waliozimiwa simu walikuwa wale walionunua cha bei ya chini kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kingine. Walipoteza fedha zao, na simu zao zikaongezwa jaani. Rahisi ghali, walisema wahenga, na ghali hiyo siku zote hulipwa na mnyonge.

UDUMIFU USIGEUZWE KUWA ANASA

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Wazo la vifaa vya anasa linatenganisha watu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, dogo, litakuwa na vitu vizuri vinavyodumu, na pamoja navyo dhamiri tulivu. Fungu la pili, kubwa, litaendelea kununua vitu vya kuvunjika, kisha litalaumiwa kwa kuchafua dunia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Naye mwenye simu ya dola elfu kumi hajui kwa nini mama wa sokoni amebadilisha simu tatu kwa miaka minne. Hakuzibadilisha kwa tamaa. Betri ilivimba, ilikuwa imegundishwa kwa gundi, na fundi alipojaribu kuitoa kioo kikapasuka.

Sisi tunasema kwamba udumifu ni haki ya mnunuzi na ni wajibu wa mtengenezaji. Maskini anayetoa mshahara wa mwezi mzima kununua simu ana haki ya kupata kitu kizima, kinachofunguka, chenye vipuri, kitakachomtumikia miaka saba au kumi. Haki hii haipatikani kwa hisani ya mbunifu mwenye moyo mwema. Hupatikana kwa sheria.

Nayo sheria inawezekana. Mwezi Januari 2021 Ufaransa ilianza kuwataka wauzaji wa baadhi ya vifaa, zikiwamo simu na kompyuta za mkononi, waonyeshe alama inayomweleza mnunuzi ni kwa kiasi gani kifaa kinatengenezeka. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai kwamba vipuri vya simu mpya vipatikane kwa miaka saba baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa, na programu zake zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Sheria yake ya betri ya mwaka 2023 imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa kudai kwamba betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Baadhi ya makampuni yanayouza simu Ulaya ndiyo yanayotuuzia sisi pia. Linalowezekana kule haliwezi kuwa muhali huku.

Nasi hatuko mikono mitupu. Mkataba wa Bamako, uliopitishwa na mataifa ya Afrika mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, unakataza kuingiza taka za sumu barani mwetu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanadai kwamba taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayozipokea kuarifiwa na kukubali. Tanzania ilitoa kanuni zake za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021. Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, inayomtwika mtengenezaji na mwagizaji sehemu ya wajibu. Kinachopungua ni watu wa kuuliza maswali kwa sauti ya heshima lakini isiyochoka.

Na tunayo hazina nyingine: mafundi wetu. Kijana wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, akiwa na taa, miwani ya kukuzia na chuma cha kulehemu, huifufua simu ambayo katika nchi ya kiwanda chake ingetupwa. Yeye ndiye fundi wa mikono tunayemtafuta. Hatengenezi vya anasa. Anarefusha maisha ya vitu vya watu wa kawaida. Kumbe karakana ya kuokoa dunia kutokana na taka hizi ipo tayari, imekaa chini ya mwavuli pembezoni mwa barabara, na mara nyingi mgambo huifukuza.

YATUPASAYO

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza mambo haya kwa halmashauri za walei, kwa jumuiya na kwa familia.

Kwanza, parokia, shule na zahanati zetu zinaponunua kompyuta, vipaza sauti au majokofu, zisitazame bei na umaridadi pekee. Kabla ya kulipa ziulize: betri yake hubadilishwaje? Vipuri vyake vinapatikana mji gani? Fundi wetu anaweza kuifungua? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Pili, marafiki wa ng'ambo wanapotaka kututumia kompyuta zilizotumika, tuwashukuru, na pia tuwaandikie masharti. Kila kifaa kijaribiwe kabla ya kupakiwa, na kisichowaka kibaki kwao. Kukataa zawadi iliyokufa si utovu wa adabu. Kuipokea ni kumpa mtumaji nafasi ya kutupa taka zake kwa jina la sadaka.

Tatu, vijana wetu wenye kipaji wasomeshwe ufundi wa vifaa vya elektroniki, pamoja na kinga: glavu, barakoa, chumba chenye hewa, na marufuku ya kuchoma nyaya. Mafundi waliopo washirikishwe kuwa walimu. Wanapofukuzwa mitaani, kamati za haki na amani zifike kwenye ofisi ya mtaa au ya manispaa kuwasemea wapangiwe mahali pa kufanyia kazi.

Nne, kila parokia iwe na kasha la kukusanyia betri kavu, simu zilizokufa na chaja, lililofunikwa, mbali na watoto na mvua, nayo yapelekwe kwa wachakataji wenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Katika kila tani ya simu zilizokufa mna dhahabu nyingi kuliko iliyomo katika tani ya mawe ya mgodini. Hiyo ni mali, haifai kuchomwa wala kufukiwa.

Tano, wabunge na madiwani wanapokuja kuomba kura au kutoa taarifa, waulizwe waziwazi: ni lini makampuni yanayotuuzia simu yatalazimishwa kuweka vipuri na kupokea tena vifaa vilivyokufa? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu sasa mtu hupitisha mkono.

Kwa wenye uwezo tuna neno moja zaidi. Mkitaka kununua kitu kizuri kilichofanywa kwa mikono, hatuna ugomvi nanyi. Nunueni meza ya mninga, mkeka wa ukili, saa ya majira yenye kutengenezeka; mpeni fundi ujira wake kamili. Lakini msiite simu ya dhahabu kuwa ni sadaka kwa mazingira. Kiasi kile kile cha fedha kingeweza kununua vifaa vya karakana nzima ya vijana, na karakana hiyo ingerudisha uhai wa maelfu ya simu za majirani zenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu mna vifaa vingapi vya elektroniki vilivyokufa? Viliharibika nini, na kwa nini havikutengenezwa?

2. Ni nani katika mtaa wetu anayevunja au kuchoma vifaa hivyo? Tunamfahamu kwa jina? Afya yake na ya watoto wake ikoje?

3. Parokia yetu ilinunua au kupokea vifaa gani kwa miaka mitano iliyopita, na viko wapi leo?

4. Ni fundi gani wa mtaa wetu tungeweza kumwomba awafundishe vijana, nasi tungemsaidia kwa lipi?

5. Ni kiongozi gani wa serikali tutakayemfikishia jambo hili, lini, na nani atakwenda?

Kila jumuiya imteue mtu mmoja wa kuandika majibu na kuyawasilisha katika kikao cha halmashauri ya walei cha mwezi ujao, ili kazi ianze kutoka pale tulipo.